Zamu za Kuchechemea

Danieli alirudi nyumbani Jumatano, juu ya lori la misheni, amekaa kwenye magunia ya viazi na mguu wa kulia ameunyoosha mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine. Mkononi alikuwa na fimbo ya mkaratusi. Gotini alikuwa na kovu refu lililopinda, na chini ya kovu hilo, kwa maelezo ya Sista Letisia aliyemwuguza, mlikuwa na kano zilizokatika na kushonwa upya kwa uzi wa hariri. Mama yake, Tabea, alimpokea barabarani. Aliinama, akalitazama kovu kwa makini, akauliza kama uzi huo ulikuwa wa Kikatoliki.

"Uzi ni uzi, mama," Danieli akasema.

"Haya," akasema Tabea, ambaye ukoo wake ulikuwa wa Kilutheri tangu babu yake. "Mradi ushike."

Danieli alikuwa na miaka kumi na tisa, na kabla ya goti hilo wakimbiaji wengi wa kati ya Njombe na Makambako walimjua kwa mgongo wake tu. Aliwahi kuwashinda askari wa boma waliovaa viatu, yeye akiwa peku, kisha akawasubiri penye utepe ili wapeane mikono. Mama yake hakuupenda mchezo huo. Aliona kwamba mtu anayekimbia bila kufukuzwa ana lake jambo.

Kijiji kizima kilijua alivyoumia. Alikuwa akicheza mpira. Ndivyo Bwana Padiki alivyomwambia daktari. Bwana Padiki alikuwa Mwingereza mwenye shamba la pareto mwisho wa bonde, na kusema haki, ndiye aliyempakia Danieli katika gari lake siku ile ya mvua, akampeleka hadi hospitali ya misheni, safari ndefu yenye matope. Yoeli, kaka yake Tabea, aliyekuwa nyapara katika shamba hilo, aliulizwa na dada yake, akatazama kando, akasema ni kweli, mpira. Danieli alipoulizwa alijibu, "Kama mjomba alivyosema." Basi Tabea akaitia motoni kaptula ya mpira ya mwanawe, akaikoroga kwa kijiti mpaka ikaisha, akasema mwenda pole hajikwai.

Sista Letisia alikuwa amemwambia Danieli kwamba goti halitapona kwa maombi peke yake, ingawa yeye angeliombea. Kwa hiyo kila asubuhi alikaa kwenye kigogo nyuma ya jiko, akajifunga mfuko kifundoni, akaunyanyua mguu, akaushusha, akaunyanyua tena. Paja lililokuwa likiijaza kaptula lilikuwa limebaki mfupa na ngozi. Mwanzoni mfuko ulikuwa mtupu, naye alilia. Hakuna aliyemcheka, maana Tabea alikataza hata kuku kupita nyuma ya jiko. Baadaye mfuko ulitiwa mchanga, machozi yakapungua, goti likaanza kukunjika. Danieli akaitupa fimbo.

Lakini mchechemeo haukutoka. Mwaka ukageuka na bado ulikuwepo, kila alipokanyaga, na kila alipojaribu kukimbia ulimvuta upande kama ng'ombe mkaidi. Na mwezi wa sita, huko Makambako, palipangwa mbio za maili kumi za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia. Danieli alizitaka mbio hizo kuliko alivyotaka kuoa. Alijua kwamba mkimbiaji anayekosa mwaka mmoja huulizwa hali, na anayekosa miwili hasemwi tena. Tayari wenzake walikuwa wameanza kumsikitikia, kwa upole wa watu waliofurahi.

Siku moja jirani yao, Bibi Ema, alikuja kuazima moto. Alisimama uani akamtazama Danieli akitoka zizini kwenda jikoni.

"Tabea," akasema, "mchechemeo ule ni mkubwa kwa mtu mmoja. Kwa nini hamwiti mgowe?"

Tabea alisema hakuwa amewaza hilo, akaenda kuloweka ulezi wa kimea.

Wabena hawalimi vinyungu peke yao. Vile vishamba vya bondeni, vinavyolimwa kiangazi penye unyevu, vingemvunja mtu mgongo kama asingekuwa na majirani. Basi kazi ikimshinda mtu huita mgowe: hutengeneza kinywaji, majirani huja, na aliyekunywa ana zamu. Kuna nyumba wanakotoa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na hao tutawaacha na dhamiri zao. Kwa Tabea ilikuwa togwa.

Watu walikuja Jumamosi wakajaa ua. Walipokuwa wakinywa, Bwana Padiki alifika na pikipiki akimtafuta Yoeli. Alikuwa na kiu. Bibi Ema alimpa kibuyu, naye, kwa kuwa alikuwa amekaa nchini miaka mingi na alijua togwa nzuri, akakimaliza na kupangusa sharubu.

"Bwana," akasema Bibi Ema, "hiyo ni togwa ya mgowe. Aliyekunywa ana zamu."

"Zamu ya kulima?"

"Ya kuchechemea."

"Haya," akasema Bwana Padiki. "Nipangieni." Akaipiga pikipiki teke, akaenda zake.

Zamu zilipangwa kufuata kijito, kutoka juu kwenda chini, kama zilivyopangwa siku zote. Nyumba ya Tabea ilikuwa ya kwanza. Ya Bwana Padiki ilikuwa ya mwisho, kule kijito kinakoingia mtoni. Kisha ingefuata zamu ya Danieli mwenyewe, kwa sababu mwenye mgowe ndiye anayeufunga. Wapo wanaosema Bibi Ema alizihesabu nyumba tangu siku ile akajua kila moja itaangukia lini. Bibi Ema anasema yeye hajui hesabu.

Jumatatu alfajiri Danieli alisimama mlangoni akaunyoosha mchechemeo wake kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhi jembe.

"Pokea, mama."

"Nimepokea."

Danieli akasimama wima. Tabea akatwaa mtungi, akachechemea kwenda kijitoni.

Siku hiyo Danieli alikimbia hadi kilimani na kurudi. Alikimbia vibaya, pumzi haikutosha, paja lilitetemeka, na akaelewa kwamba majirani wangembebea kuchechemea tu. Uvivu na woga vilikuwa vyake. Hata hivyo alirudi akicheka peke yake njiani.

Jioni alimkuta mama yake amekaa kando ya moto, goti amelikunja kwa shida, chungu hajakiteleka.

"Kumbe ilikuwa kamba," Tabea akasema.

Danieli akachuchumaa kando yake.

"Nimechota maji, goti likaanza kunieleza. Lori la pareto limezama kwenye tope. Wewe unapita na mbio zako, Jumapili, hata si mtu wa shamba. Bwana Padiki amekuita ukavute kamba, akakuweka mbele kwa sababu una nguvu. Mguu umenasa topeni. Yoeli anasema, 'Bwana, mguu wa kijana umenasa.' Yule anasema, 'Vuta.' Kamba haikukatika, zikakatika kano." Tabea akalitazama goti lake mwenyewe. "Na kwenye gari anakwambia ulikuwa unacheza mpira. Halafu anakuuliza mjomba wako ana watoto wangapi."

"Wako sita," Danieli akasema. "Na nyumba ni ya shamba."

Tabea akautazama moto.

"Niliichoma kaptula yako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa kaptula nzuri."

Akanyanyuka kwa kujikongoja, akafungua sanduku, akatoa kipande cha merikani alichokuwa amekiweka kwa ajili ya gauni la Krismasi. Akamwita mwanawe penye mwanga, akampima kiuno kwa uzi. Alishona kaptula ya kukimbilia, mshono mara mbili, na alipokuwa akishona alilia bila kuuficha uso wake. Kisha akateleka ugali, maana watu walikuwa na njaa.

Mchechemeo ukashuka na kijito, nyumba kwa nyumba. Mwinjilisti Sila alipanda nao mimbarini, na kwa kuwa hakuweza kusimama sana mahubiri yakawa mafupi. Washarika walimwomba achukue zamu nyingine. Ida, binti wa fundi seremala, zamu yake iliangukia siku ya harusi. Shangazi zake walitaka abadilishane na mtu. Ida akakataa. Alisema togwa aliinywa kwa kinywa chake, akacheza siku nzima akichechemea, na wasichana wa bonde lile wakauiga mchezo huo, wanaucheza hadi leo bila kujua ulikotoka. Mumewe alikuwa mtu mwenye fahari siku hiyo, na alikuwa na haki.

Kila aliyeubeba aliijua kamba kabla ya jua kuzama. Goti lilimweleza kama lilivyomweleza Tabea, halikuzidisha wala halikupunguza. Hawakulisema hadharani, kwa ajili ya Yoeli na wale watoto sita. Walikuja tu jioni kwa Tabea, wakakaa kidogo, wakasema "Kamwene," wakaitikiwa, wakaondoka. Baada ya muda hapakuwa na mtu mzima katika bonde ambaye goti lake halikuwahi kunasa katika tope lile. Mchechemeo wenyewe ulikuwa unapungua, kama kazi yoyote inavyopungua ikipitiwa na mikono mingi. Kilichokuwa hakipungui ni kamba.

Zamu ya Yoeli ilikuwa karibu na mwisho, kwa kuwa alikaa shambani. Alichechemea mchana kutwa kati ya mistari ya pareto.

"Umeumia?" Bwana Padiki akamwuliza.

"Ni zamu yangu, Bwana."

"Ah, ndiyo," akasema Bwana Padiki. "Ile togwa."

Jioni Yoeli alipanda bonde hadi kwa dada yake. Alikaa, akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Nilisema mguu umenasa," akasema.

"Najua," Tabea akamjibu. "Nilikusikia." Akamtengea chakula.

Siku hizo zote za zamu Danieli alikimbia. Alipanda vilima kwa baridi ya asubuhi, umande ukimlowesha hadi magotini, akishuka alisimama kijitoni na maji yakimkanda kovu. Mfuko wa mchanga hakuuacha. Paja likarudi. Kuna siku aliogopa kukanyaga jiwe na kuna siku alisahau kwamba aliwahi kuumia, na siku hizo za pili zikaanza kuwa nyingi. Alipopita mashambani aliwaona watu wakichechemea kwa niaba yake, mmoja leo, mwingine kesho, na alijisikia fahari kiasi kwamba alilazimika kukaza mwendo ili asisimame kuwaambia.

Siku ya mbio ikafika. Alfajiri Bibi Ema, aliyekuwa ameomba heshima ya kuupeleka, aliubeba mchechemeo hadi kwenye kibaraza cha Bwana Padiki. Alimkuta akinywa chai amevaa suti, maana yeye ndiye angekabidhi kombe.

"Pokea, Bwana."

"Nini tena?"

"Zamu yako."

Bwana Padiki akakumbuka, akacheka. Asubuhi alikuwa mtu mpole. Akaweka kikombe chini, akanyoosha mikono miwili kama alivyoona wengine wakifanya.

"Nimepokea," akasema.

Bibi Ema akashuka ngazi bila kushika ukuta. Bwana Padiki akakaa. Mkewe alimwuliza ana nini, naye akasema amelala vibaya.

Upepo wa Makambako haujui sikukuu. Siku hiyo uliipeperusha bendera, ukapeperusha kofia ya karani, ukawachapa wakimbiaji usoni katika maili mbili za mwisho. Danieli alikuwa wa nne walipouacha msitu, wa pili walipoanza kuziona nyumba. Mbele yake alikuwa askari mmoja kutoka Iringa, mtu mwenye miguu mirefu na sifa ndefu zaidi. Danieli akamsogelea. Alilisikiliza goti. Lilikuwa kimya, limeshikwa na uzi wa masista, paja lake mwenyewe na bonde zima. Akampita yule askari kwenye mlima mdogo kabla ya soko, na alipofika penye utepe aligeuka, akamsubiri, akampa mkono.

Watu wa bonde walikuwa wamesimama pamoja upande wa kushoto. Hawakupiga kelele. Wanawake walipiga vigelegele mara moja, wakatosheka. Tabea alikuwa mbele, macho yake kwenye ile kaptula ya merikani, na aliyesimama karibu naye alimsikia akisema mshono umeshika.

Kisha Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, akapanda jukwaani. Alisema Kiswahili kizuri cha ofisini. Alisema huu ulikuwa ushindi wa vijana wote wa wilaya. Alisema kijana huyu alivunjika goti akicheza mpira, na kama Bwana Padiki asingempeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, leo tusingekuwa na bingwa.

"Tumpigie makofi Bwana Padiki," akasema.

Makofi yalipigwa kutoka upande wa kulia.

Bwana Padiki akanyanyuka kwenye kiti, akalichukua kombe mezani, akatembea kumwendea Danieli. Watu wa bonde waliutazama mwendo wake. Waliutambua, kila mmoja kwa siku yake: pale anapotua kisigino kwa hadhari, pale nyonga inapokwepa, pale mtu anapokaza meno ili uso usiseme. Goti lilikuwa linamweleza tangu asubuhi. Lilikuwa limemweleza kamba na tope, na sauti ya Yoeli, na sauti iliyofuata, ambayo ilikuwa yake mwenyewe, na safari hii aliisikia kutoka upande wa mbele wa kamba. Jasho lilimtoka katika upepo ule.

Alisimama mbele ya Danieli. Akafungua kinywa. Bwana Disii alikuwa hatua mbili kutoka hapo, na wilaya nzima imenyamaza. Danieli alimngoja. Alikuwa tayari kungoja hadi jua lizame.

"Hongera," Bwana Padiki akasema.

"Asante, Bwana," akasema Danieli, akapokea kombe.

Jioni Wazungu walikunywa chai kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni. Watu wa bonde walisimama barabarani wakijiandaa kuondoka, na Yoeli ndiye aliyesema, yeye aliyekuwa na la kupoteza kuliko wote.

"Mwachie," akasema. "Usiende kuuchukua. Akae nao."

Wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kukubali. Hata mwinjilisti Sila aliangalia viatu vyake. Danieli alimpa mama yake kombe alishike, akaenda hadi kwenye ngazi za kibaraza. Bwana Padiki alishuka kumkuta, ngazi moja moja, mkono kwenye ukuta.

"Nimekuja kuchukua," Danieli akasema.

Bwana Padiki alimtazama kwa muda. "Kamba ile ilikuwa imechakaa," akasema kwa sauti ya chini.

"Kamba ilikuwa mpya, Bwana."

Jua lilikuwa linagusa vilima. Bwana Padiki akautoa mkono ukutani. Akanyoosha mikono miwili.

"Pokea," akasema.

"Nimepokea."

Danieli alirudi barabarani akichechemea. Ulikuwa mchechemeo mdogo kuliko ule aliomkabidhi mama yake, na Sista Letisia alikuwa amesema kwamba mdogo hutoka kwa mfuko wa mchanga. Tabea alimtazama akija. Alikuwa na machozi, na alikuwa na hasira nayo.

"Kwa nini hukumwachia?"

"Alikunywa kibuyu kimoja, mama. Zamu moja." Akalichukua kombe kutoka mikononi mwake. "Isije ikasemwa kwamba tulimdai mtu ya pili."

Tabea akafikiri, akanyoosha mgongo, akajifunga vizuri kitenge chake. "Basi nipe mimi mpaka nyumbani."

"Hapana. Hii ni yangu."

Wakaondoka wote kwa pamoja, kwa mwendo wa Danieli. Alitembea katikati ya barabara na kombe kifuani, na watu wa Makambako waliotoka milangoni walimwona bingwa akichechemea kwa kichwa kilichoinuliwa, wakampisha. Walipofika kwenye mlima wa kwanza walisikia gari nyuma yao. Lilikuwa la Bwana Padiki, naye alikuwa peke yake, viti vitatu vitupu. Wakasogea kando. Gari likawapita likapanda mlima, vumbi likatua juu ya kaptula ya merikani. Hakusimama, ingawa katika watu wote wenye magari kwenye barabara ile, yeye peke yake alijua jinsi goti lile lilivyouma penye mwinuko.